Moyo wa Baba Ndani ya Kompyuta

Mwaka ule nilinunua mioyo mingi kuliko mtu yeyote pale sokoni ambaye hana mgahawa. Nilikuwa naenda asubuhi, nyama ikiwa haijakaa, kwenye bucha moja la Kariakoo lenye vigae vyeupe vilivyopasuka. Muuza nyama akiniona tu alikuwa anainama chini ya meza na kutoa moyo wa ng'ombe aliokuwa ameniwekea kando.

"Sista, mambo?"

"Poa. Ni wa leo?"

"Wa leo leo. Haujajua bado kama ng'ombe kafa."

Alikuwa akiamini nauza supu. Alinishauri kuhusu pilipili manga na tangawizi, akaniambia mteja wa supu ya asubuhi hapendi mafuta mengi, na mimi nilikuwa naitikia tu. Kueleza kulinichosha. Siku moja alinikamata vizuri, akaniuliza kibanda changu kiko wapi ili aje kunywa, ikabidi niseme ukweli.

"Mimi nasoma chuo. Hii nyama naikata vipande, naivuta, halafu naangalia inarudi vipi."

Kisu kilisimama. "Unaivuta?"

"Ndiyo."

"Halafu chuo wanakupa cheti?"

"Wakiridhika."

Alinifungia moyo wangu kwenye mfuko. Tangu siku hiyo hakunipa tena ushauri wa tangawizi.

Niliyomwambia yalikuwa ya kweli, ingawa nusu. Nilikuwa nafanya shahada ya pili ya uhandisi, na kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kompyuta inayoiga jinsi nyama ya moyo inavyonyumbuka. Nyama ya moyo si mpira na si uji. Mpira ukiuvuta na kuuachia, unarudi palepale, sasa hivi. Uji ukiumwaga hauna pa kurudia. Nyama ya moyo iko katikati. Ukiitundika na uzito, inarefuka mara moja, kisha inaendelea kurefuka polepole kama mtu anayeghairi msimamo wake. Ukiuondoa uzito, inarudi, lakini kwa kujivuta, na haifiki kabisa ilikotoka. Ule upande wa mpira unaitwa mnyumbuko. Ule upande wa uji ni mnato. Kompyuta inataka namba za vyote viwili, na namba zinapatikana kwa kuvuta nyama.

Chuoni kulikuwa na mashine ya kuvutia, kubwa kama kabati, iliyotengenezwa kwa ajili ya nondo na mbao. Ukiifunga nyama humo, mshale haujatikisika, nyama imeshakatika. Ndipo baba alipoingia katika kazi yangu.

Baba alikuwa fundi mizani. Alitoka Lindi akiwa kijana, akafundishwa kazi na Mhindi mmoja aliyekuwa na karakana mtaa wa nyuma, na huyo alipofunga, baba akabaki na vifaa vyake na wateja wake. Alikuwa na meza yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, Kariakoo, duka la mzee mmoja mwenye asili ya Kiarabu ambaye mimi na watu wengi wa mtaa tulimwita Ami. Wauza mchele, wauza dagaa, wauza misumari, wote walimletea mizani zao. Mama alikuwa ameshafariki nikiwa sekondari. Tulikuwa wawili, mimi na baba, kwenye flati ya zamani Ilala, ghorofa ya tatu.

Nilipomweleza shida yangu alisikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Kipande chenyewe kina ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho.

"Na uzito?"

"Kidogo sana. Kama punje za maharage, nikiongeza moja moja."

Alifikiri siku tatu. Siku ya nne alinitengenezea mashine. Alichukua fremu ya mizani iliyokufa, ile ya uso wa mviringo kama saa, akaitia springi nyembamba ya mizani ya kupimia viungo, akachonga vibanio viwili vya shaba ili visitafune nyama, na chini akaweka kile kisilinda kidogo chenye oili ambacho kwenye mizani nzuri kinatuliza mshale usichezecheze. Bakuli la maji ya chumvi ya vuguvugu lilikaa katikati ili nyama isikauke. Tuliifanyia kazi mezani kwetu Ilala. Yeye alisoma mshale, kwa sababu jicho lake lilikuwa limezoea, na mimi niliandika kila dakika ilipopita.

"Moja na robo," anasema. "Moja na robo na nywele. Bado inashuka, mama."

Baba alikuwa akiniita mama tangu nilipozaliwa. Nimebeba jina la mama yake mzazi.

Mara ya kwanza alipoona nyama hairudi ilikotoka, alitikisa kichwa. "Mizani ikifanya hivi naitupa."

"Moyo hautupwi, baba."

"Nimeona."

Yale yalikuwa majuma mazuri, na nayasema haraka kwa sababu yalipita haraka.

Alianza kusimama kwenye ngazi. Kila ghorofa ya jengo letu ina mita za umeme ukutani, na baba akawa anasimama kwenye mita anazisoma moja moja kama mtu aliyetumwa na shirika. Nilidhani ni ufundi unamsumbua. Siku moja nilikuwa nyuma yake na mfuko wa unga, nikamwona amefumba macho. Hakuwa anasoma kitu. Mkono wake ulikuwa umeshika ukuta.

"Baba?"

"Nenda, nakuja."

Nilianza kuangalia. Mito ya kochi ilikuwa imehamia kitandani kwake; alikuwa analala nusu ameketi. Soksi zilimwachia mistari mirefu miguuni, na ukibonyeza ngozi hapo kidole kinaacha shimo linalochukua muda kujaa. Mimi niliyekuwa nikipima nyama ya ng'ombe kila wiki nilitazama lile shimo, nikajikuta nahesabu kimoyomoyo linachukua muda gani. Niliona aibu, nikasimama nikamletea viatu.

Hospitalini walimlaza upande, wakampaka mafuta kifuani, wakamuangalia moyo kwenye skrini. Daktari alikuwa dada mwenye umri kama wangu. Alimwamkia, baba akaitikia, kisha akamgeuzia skrini.

"Mzee, moyo wako kusukuma unasukuma. Shida yake ni kulegea. Presha ya miaka mingi imeufanya ukuta wake uwe mnene. Ukishapiga hauachii upesi, kwa hiyo haujai vizuri. Damu inasubiri mlangoni. Ikisubiri sana, maji yanarudi kwenye mapafu, ndiyo maana unakosa pumzi."

Baba hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, na ninachokumbuka usoni kwake ni kitu kama furaha. "Si ndiyo haya yako?"

"Ndiyo haya, baba."

Alipewa vidonge vya aina tatu. Vya presha, vya kupunguza mwendo wa moyo, na vya kutoa maji mwilini. Daktari alitaja hivi vya mwisho mara mbili. "Hivi vitakukojoza sana. Usiviache."

Tulipofika nyumbani, hata kabla ya kuvua koti, akasema: "Niweke mimi humo."

"Wapi?"

"Kwenye kompyuta yako. Wana vipimo vyangu vyote kwenye karatasi hii. Unene, upana, presha. Niweke uone."

Nilijua sipaswi. Programu yangu ilikuwa haijakaguliwa na mtu, na namba za nyama zilikuwa za ng'ombe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuniambia kwamba kazi ya chuo si kipimo cha hospitali. Lakini alikuwa baba yangu, alikuwa ameomba, na sitaficha kwamba na mimi nilitaka. Kwa miaka miwili nilikuwa nachora moyo usio na mwenyewe.

Niliingiza namba za ile karatasi. Nikachora chumba cha chini cha kushoto kwa unene wake yeye, nikakifunika kwa vile vipembetatu vidogo vidogo ambavyo kompyuta inakatia umbo ili ihesabu kimoja kimoja, nikaweka mnyumbuko na mnato tuliopima pamoja mezani. Kompyuta ilifanya kazi siku mbili, feni yake ikilia, na umeme ulikatika mara moja nikaanza upya. Siku ya tatu picha ilitoka. Rangi nyekundu ingemaanisha ukuta umekazwa. Ya buluu, umelegea. Ilikuwa buluu tupu. Moyo ulijaa vizuri, presha ya nyuma ilikuwa chini, hakuna damu iliyosubiri mlangoni.

Niliifurahia ile picha kama mtoto. Sikuuliza kwa nini mtu mwenye moyo wa buluu analala kwa mito minne.

Nilishuka moja kwa moja hadi Kariakoo. Baba alikuwa mezani, Ami kakaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni na tasbihi.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, binti. Umekimbia?"

"Nina habari ya baba." Nikamgeukia. "Kompyuta imemaliza. Moyo wako unalegea vizuri kuliko walivyofikiri."

Maneno hayo mawili ya mwisho nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Ningeweza kusema "kwa hesabu zangu". Ningeweza kusema "huenda". Nilisema kuliko walivyofikiri, kwa sauti, mbele ya watu, nikiwa na kompyuta kifuani kama cheti.

Baba aliweka bisibisi chini. Alimwita muuza kahawa aliyekuwa anapita na birika lake, akamwambia amimine kwa wote waliokuwepo barazani, na kashata. Ami akasema mashallah. Mama mmoja aliyekuwa amefuata mizani yake ya dagaa akapewa kikombe bila kujua ni cha nini.

"Binti yangu," baba alimwambia, "ameupima moyo wangu kwa kompyuta. Uko mzima."

Kwa wiki sita baada ya hapo nilikuwa chuoni zaidi kuliko nyumbani. Nilikuwa naandaa kuwasilisha kazi mbele ya idara. Baba alirudi kukaa mezani kwake kutwa nzima. Nilimwona amechoka, na kila nilipomwona amechoka nilikumbuka ile picha ya buluu, nikajiambia ni umri, ni joto, ni zile ngazi.

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mpole anayesoma kwa penseli. Alisoma kurasa zangu ofisini kwake, mimi nimekaa mbele yake, na kwenye mchoro mmoja penseli ikasimama.

"Hii nyama yako haina mnato kabisa," alisema. "Angalia. Imeachiwa, imerudi palepale. Ng'ombe wako ni puto."

"Lakini mnato nilipima, Dokta. Namba ipo."

"Ipo. Ulipima kwa muda gani? Kila sekunde ngapi?"

"Kila dakika."

"Na programu inahesabu kwa nini?"

Nilitazama tena ule mchoro. Nje ya dirisha mtu alikuwa anakata majani kwa fyekeo, na nakumbuka kila pigo. Nilikuwa nimeandika mnato kwa dakika, programu ikausoma kwa sekunde. Kila mahali nyama ilipopaswa kujivuta, niliiacha ikateleza, mara sitini.

"Ni kosa la kawaida," alisema. "Rekebisha, urudie zote. Afadhali limeonekana hapa kuliko mbele ya wakaguzi."

Alikuwa hajui kuhusu baba. Karatasi zile zilikuwa na moyo wa ng'ombe tu; ule mwingine ulikuwa kwenye faili nililolificha kwa jina la kawaida.

Nilirekebisha namba moja. Faili la kwanza nililorudia halikuwa la ng'ombe. Nilikaa kwenye chumba cha kompyuta cha idara siku nzima na iliyofuata, nikisubiri. Picha ilipotoka, ukuta wote wa ndani ulikuwa mwekundu. Chumba kilijaa nusu. Presha ya nyuma ilipanda kuelekea mapafuni, kama alivyosema yule daktari dada, kwa maneno mepesi, bila kompyuta.

Nilishuka mjini, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu kwa sababu nilitaka nichelewe. Kulikuwa na watu wanafunga turubai la mkutano fulani, spika zinajaribiwa, moja, mbili, moja, mbili. Nilisimama pale kwa muda kama mtu mwenye shughuli na mkutano huo.

Baba alikuwa peke yake mezani. Ami alikuwa ameingia ndani kuswali. Nilivuta kiti cha wateja.

"Baba, nilikosea."

"Nini?"

"Moyo. Nilichanganya dakika na sekunde. Nimerudia. Haulegei. Ni kama alivyosema daktari, pengine na zaidi."

Aliendelea kukaza skrubu aliyokuwa anakaza, akaimaliza. "Kwenye kazi yangu," alisema, "kuna kosa la mizani na kuna kosa la anayesoma. Hili ni lipi?"

"La anayesoma. Ni mimi."

"Kwa hiyo mashine niliyokutengenezea haikudanganya."

"Haikudanganya, baba. Ilikuwa sawa tangu mwanzo."

Alipumua. Na nawaambieni, alifarijika. Alikuwa ameogopa kwamba ule mtambo wa shaba ndio uliokosea. Mimi nilikuwa nalia, na yeye alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeondolewa lawama. Kisha akainama karibu nami.

"Usimwambie Ami."

"Kwa nini?"

"Nimeshamwambia kila mtu. Usimwambie."

Nikamwahidi. Halafu, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye miguu yake, na ndala zilikuwa zimezama kwenye nyama, nikauliza swali nililopaswa kuuliza wiki sita nyuma.

"Vidonge unameza?"

"Vya presha nameza."

"Na vya maji?"

Alitazama barabarani. "Vile niliviacha."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia niko mzima." Akaona uso wangu, akaeleza kama anayejitetea mbele ya hakimu. "Mama, hapa choo kiko nyuma kule, kuna foleni. Ukimeza vile, kila baada ya muda mfupi unakwenda. Namwacha mtu na mizani yake imefunguliwa, skrubu ziko mezani. Nikasema, kama moyo unalegea, vya nini?"

Hakuna alichosema ambacho hakikuwa na akili. Alikuwa amepewa kipimo na mtu anayemwamini, akakifuata. Mizani zote alizozigusa maishani mwake zilifanya watu waamini namba.

Kesho yake tulirudi hospitali. Walimlaza. Wakamtoa maji kwa sindano siku baada ya siku, na alipungua hadi nikaogopa. Vifundo vya miguu vilivyokuwa vimepotea vilitokea tena, vyembamba, kama vya mtu mwingine. Yule daktari dada alinivuta pembeni kuuliza kwa nini aliacha dawa. Nilimweleza yote, dakika na sekunde, kahawa na kashata. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mifukoni.

"Dada," akasema, "mimi mwenyewe ningependa mashine ya namna hiyo. Siku ikiwa tayari." Hakunikemea. Laiti angenikemea.

Baba alitoka, akawa anashuka Kariakoo siku mbili tatu kwa wiki, kwa bajaji, akikaa hadi adhuhuri. Vidonge alimeza, mbele yangu, akifungua mdomo kunionyesha kama mtoto, na mzaha wake huo ulinichoma kila asubuhi. Hakuniuliza tena habari za kompyuta. Nilitegemea siku moja angesema kitu, cha hasira au cha msamaha, nami nikakaa tayari kwa vyote viwili. Alizungumza kuhusu bei ya shaba, kuhusu mizani za betri za siku hizi zisizotengenezeka, kuhusu dirisha la jikoni linalovuja.

Mvua zilipoanza alishindwa ngazi. Kushuka angeweza, kupanda ndiko kulikokuwa hakuwezekani, kwa hiyo akaacha na kushuka. Wateja walimpigia simu, akawaelekeza kwa maneno: fungua kifuniko cha nyuma, utaona springi mbili, usiiguse ya kushoto. Nilikuwa nikiandika sura ya mwisho kwenye meza ileile tuliyopimia nyama, naye kwenye kochi akimwelekeza mtu asiyeonekana, na kati ya sentensi alikuwa anavuta pumzi kwa muda mrefu kidogo kuliko jana yake. Siku hizo tulikuwa pamoja kuliko wakati mwingine wowote, na tulizungumza machache mno.

Alifariki siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa chuoni, kwenye foleni ya kuchapisha kurasa. Jirani wa ghorofa ya pili, mama aliyekuwa akimpelekea uji, alinipigia. Hakusema amefariki. Alisema, "Njoo, mwanangu, njoo na mtu." Nilikwenda peke yangu.

Tulimzika siku ileile baada ya alasiri. Ndugu wa Lindi walifika kesho yake, wakakuta kaburi tayari limelowa.

Siku ya pili ya msiba Ami alikuja kunipa pole. Wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, nje ya jengo, maji ya mvua yakijaa juu yake na mtu akiyasukuma kwa mti wa ufagio. Ami alisimama pembeni, tasbihi mkononi, nikainuka kumfuata. Alikuwa amezeeka ndani ya siku mbili. Walikuwa wamekaa baraza moja kwa miaka mingi kuliko umri wangu.

"Binti," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika, ili waliokuwepo wajue baba alizaa mtu, "wewe huna deni. Wewe ulifanya yote. Hata ile kompyuta ilisema ni mzima. Siku ikifika imefika."

Wanawake walionizunguka wakaitikia kwa minong'ono ya kukubali. Mmoja akasema, ndiyo, binti msomi yule, alimpima mwenyewe. Walinitazama kwa heshima.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa mdomoni. Lakini nilimwahidi baba, na ahadi ile ndicho kitu cha mwisho alichoniomba kwa maneno yake mwenyewe. Sijui hata leo kama niliitunza kwa ajili yake au nilijificha nyuma yake.

"Ndiyo, Ami," nikasema.

Baadaye nilirudi hospitali kufuata karatasi, nikamkuta yule daktari koridoni. Nikamuuliza waziwazi: zile wiki sita bila dawa, ndizo? Alifikiri kabla ya kujibu, na namshukuru kwa kufikiri.

"Hazikumsaidia," akasema. "Lakini moyo ule ulikuwa umeumwa miaka mingi. Ukiniambia niandike kwamba ndizo zilizomuua, siwezi kuandika. Ukiniambia niandike kwamba sizo, siwezi pia."

Nilimaliza shahada mwaka uliofuata. Kazi yangu ina moyo wa ng'ombe peke yake. Kwenye ukurasa wa shukrani nimemtaja baba kwa kutengeneza kifaa cha kuvutia. Wakaguzi walikisifia kifaa. Mmoja aliuliza kama nimewahi kujaribu programu kwa vipimo vya mgonjwa, nikasema bado, nikaona msimamizi wangu anaandika kitu kwa penseli yake.

Sasa nafundisha. Bado nafanya kazi za mioyo, kwa sababu ndiyo ninayoijua na ndiyo inayolipa pango. Wanafunzi wanaokuja kwangu huwa wanataka kusikia habari nzuri ya jinsi nilivyoanza. Wananiuliza kama kuna mtu katika familia aliyekuwa anaumwa moyo, na macho yao yanangoja. Nawaambia ukweli: kulikuwa na tangazo la ufadhili ubaoni, nafasi ya kusomea madaraja ya barabara ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, ikabaki ya moyo, nikajaza fomu. Wanasikitika kidogo. Kisha wanatoa madaftari.